Spika Asiyepanda Gari la Mtu

Mara ya kwanza kumwona, watu wawili wazima walikuwa wamemshika mikono wanamburuta. Yeye alikuwa anajikaza, kofia imeangukia sikio moja, na viatu vyake vya theluji vinaacha michirizi ya maji kwenye sakafu ya ukumbi. Mimi na mke wangu tulikuwa na miezi michache tu Amerika. Tuliambiwa kwamba Waswahili wa Minneapolis na Saint Paul hukutana Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi katika ukumbi wa kukodi huko Maplewood, tukaja tukitegemea chai na habari za nyumbani. Badala yake tukakuta mzee anaburutwa. Sisi tuliotoka upande wa Uvira, kule Kongo, tunajua mzee anayeburutwa hupelekwa wapi. Nilimrukia mmoja wao, kijana aliyekuwa karibu nami, nikamshika kola.

"Mwacheni huyu baba," nikasema. "Amewafanya nini?"

Kijana aliniangalia kama mtu aliyevamiwa na mwendawazimu. Mzee mwenyewe ndiye aliyenijibu, kwa upole, huku bado ameshikwa.

"Wamenichagua Spika, ndugu yangu. Hebu waache wanifikishe kitini."

Wakamfikisha. Alipoketi tu, uso wake ulibadilika, akaweka kofia sawa, akatwambia tukae. Baadaye kwenye chai alinieleza kwamba ndivyo wanavyofanya Waingereza katika Bunge lao mpaka leo. Zamani Spika ndiye aliyetumwa na wabunge kumpelekea mfalme maneno asiyopenda kuyasikia, na wako waliokatwa vichwa. Kwa hiyo anayechaguliwa lazima aonekane hakitaki kiti. Nikamuuliza kama yeye kweli hakukitaka.

"Nilikitaka sana," akasema. "Ndiyo maana lazima niburutwe."

Nimeishi nchi hii miaka mingi tangu siku ile, na Mungu amenitendea mema ambayo siwezi kuyamaliza kuyataja. Lakini nikikumbuka mambo yaliyonishtua hapa, mengi hayakutoka kwa Wamarekani. Yametoka kwa mzee huyu wa pwani ya Kenya, Mwislamu wa swala tano, aliyefundisha siasa na utawala katika shule za sekondari mpaka akastaafu, kisha akaja huku nyuma ya watoto wake. Kila mtu alimwita Spika, hata watoto wa watoto wetu, ambao Kiswahili wanakisikia lakini wanakijibu kwa Kiingereza. Yeye ndiye aliyeishawishi jumuiya yetu ijiendeshe kama Bunge la Uingereza. Kabla yake, nasikia, kila mkutano uliisha kwa Wakongo kutoka nje upande mmoja na Wakenya upande mwingine.

Mpango wake ulikuwa hivi. Viti vilipangwa pande mbili zikitazamana. Upande wa kulia kwake walikaa wale wanaoongoza jumuiya, upande wa kushoto wale wanaowapinga. Kiongozi hakuchaguliwa peke yake kama rais. Alikuwa ni mwanachama kama wengine, aliyeaminiwa na wengi ndani ya ukumbi, naye alitawala kwa muda wote ambao wengi hao wanaendelea kumwamini. Tulimwita Waziri Mkuu. Mezani mbele ya Spika uliwekwa mchi wa kinu, mrefu, mweusi kwa kutumika, aliouleta mama mmoja kutoka kambi ya wakimbizi. Huo ndio uliokuwa siwa yetu. Usipokuwepo mezani hakuna kikao, hata kama watu wote wamefika na chai inapoa.

Nilipofika, Waziri Mkuu alikuwa yule kijana niliyemkamata kola, Salim, Mkenya wa Hopkins anayeuza simu na vifaa vyake. Alikuwa mwepesi wa maneno na mwepesi wa kusahau aliyoyaahidi. Jumamosi moja Mama Zawadi, Mkongo mwenzangu anayefanya kazi hospitali ya hapo Maplewood, akasimama upande wa kushoto akatoa hoja ya kutokuwa na imani naye. Alisema maneno machache tu. Ukumbi ulikuwa haujalipiwa umeme, mazishi mawili jumuiya haikutuma mtu, na Salim alikuwa hajibu simu.

"Donc, kwa hiyo, Mheshimiwa Spika," akamaliza, "sisi hatumwamini tena. Ni hilo tu."

Ikapigwa kura. Kupiga kura kwetu ni kwa miguu, kama kule London. Wanaosema Ndiyo hutoka kwa mlango mmoja, wanaosema Siyo kwa mlango mwingine, na wahesabuji husimama vizingitini. Mlango mmoja ulikuwa wa kwenda jikoni, mwingine wa kwenda maegesho ya magari. Spika alibadilisha milango hiyo kila mwezi, kwa sababu aligundua kwamba wakati wa baridi watu walipenda sana kusema lile neno lililo upande wa jikoni.

Salim akashindwa. Niliangalia madirisha. Sikujua nafanya hivyo mpaka mke wangu aliponigusa goti akaniuliza natafuta nini. Nilikuwa natafuta pa kutokea. Nilikotoka mimi, mkubwa akiambiwa hatakiwi, mtu mwenye akili hujua watoto wake wako wapi na viatu vyake viko wapi. Salim alisimama, akachukua kiti chake mwenyewe, akavuka nacho katikati ya ukumbi, akakiweka upande wa kushoto pale alipokuwa amekaa Mama Zawadi. Mama Zawadi akavuka kwenda kulia. Spika akatazama saa.

"Upinzani una swali?" akauliza.

"Ninalo, Mheshimiwa Spika," akasema Salim. "Waziri Mkuu mpya ataniambia umeme unalipwa lini? Maanake hii story ya umeme nimeisikia sana leo."

Watu wakacheka, na Mama Zawadi akacheka pia. Mimi sikucheka. Baada ya kikao nilimwona Salim anampakulia Mama Zawadi pilau. Usiku ule nilimwambia mke wangu kwamba nimeona serikali ikianguka na hakuna aliyekimbia, naye akaniambia niombe Mungu nilale.

Spika alinieleza siri yake siku nyingine, kama anavyoeleza mwalimu. Kule Uingereza upinzani huitwa upinzani wa Mfalme, mtiifu kwake. Kiongozi wake analipwa mshahara na serikali ile ile anayoipinga.

"Anayekupinga si adui wa nchi," alisema. "Anamtumikia Mfalme yule yule unayemtumikia wewe, ila kwa kukukatalia."

Nilimuuliza Mfalme kazi yake ni nini basi.

"Kuwepo," akasema.

Na sisi tulikuwa na wetu. Bibi mmoja wa mji wa Savage, mkubwa kwetu sote kwa umri, ndiye aliyekuwa mkuu wa jumuiya. Kila mwaka mpya wa vikao aliletwa, akakaa kiti cha mbele, akasoma hotuba ya mwelekeo wa serikali. Hotuba iliandikwa na Waziri Mkuu, na bibi hakuruhusiwa kubadilisha hata nukta. Mwaka mmoja alisoma, kwa sauti ya kuchukizwa kabisa, kwamba serikali yake itanunua mashine ya kahawa. Bibi huyu haoni kinywaji kinachofaa zaidi ya chai ya maziwa. Alipofika mwisho wa sentensi alivua miwani, akamtazama Mama Zawadi, akaivaa tena, akaendelea kusoma. Spika aliniambia hiyo ndiyo Uingereza yote ndani ya ukumbi mmoja: anayeheshimiwa hatawali, na anayetawala huulizwa maswali mpaka jasho limtoke.

Sisi wazee wa makanisa na misikiti tuliona tumeachwa nyuma. Tukamwendea tukadai baraza letu wenyewe. Alifurahi mno. Akasema liko, kule London linaitwa Baraza la Malodi, na wao hawachaguliwi. Kazi yao ni kuusoma mswada kwa utulivu, kuurekebisha, na kuurudisha kwa waliochaguliwa waufikirie tena.

"Na tukiukataa?" akauliza mmoja wetu.

"Mtauchelewesha."

"Na tukiendelea kuukataa?"

"Utapita bila nyinyi. Kuchelewesha mnaweza, wazee wangu. Kuzuia hamwezi, kwa sababu hamkuchaguliwa na mtu."

Tulitazamana. Hakuna aliyetarajia kuambiwa hivyo na mtu wa rika lake. Hatukulitaka baraza tena, na mimi nikarudi kukaa na wanachama wa kawaida, mahali penye kura.

Lakini kilichonisumbua zaidi mimi, mtu niliyelelewa na Maandiko, ni kwamba sheria zake nyingi hazikuandikwa popote. Nilimuomba anionyeshe kitabu. Akaniambia Uingereza haina katiba iliyo katika kitabu kimoja. Ziko sheria zilizopitishwa na Bunge, ziko hukumu za mahakama, lakini mambo makubwa kabisa, kama lile la Waziri Mkuu kuondoka akikosa imani ya Bunge, yanashikwa na desturi tu. Hakuna askari atakayekuja.

"Sasa mtu akikataa?" nikamuuliza.

"Hajakataa."

"Akija atakayekataa?"

"Basi tutajua kwamba hatukuwa na kitu," akasema.

Nililala na jibu hilo siku nyingi. Nimefundishwa kwamba iko sheria ya kwenye mawe na iko ya moyoni, na kwamba ya pili ndiyo ngumu. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna watu wanaoendesha nchi kwa hiyo ya pili.

Usidhani alikuwa malaika. Ndani ya ukumbi hakuruhusu neno chafu. Huwezi kumwambia mwanachama mwenzako ni mwongo, na hata kuzungumza naye huwezi, unazungumza na Spika. Mama Zawadi aliwahi kusema Salim anadanganya, Spika akamwamuru afute kauli.

"Nafuta, Mheshimiwa Spika," akasema Mama Zawadi. "Mwenzangu anasema kitu ambacho ukweli haujawahi kukutana nacho."

Spika aliinamisha uso, mabega yanatikisika, akaendelea na ajenda. Lakini mtu huyo huyo akikaa mbele ya televisheni ya duka la Salim kutazama mpira, alimtukana mwamuzi matusi ambayo sijawahi kuyasikia hata kambini. Timu yake haikuwahi kufanya kosa hata siku moja. Nilimuuliza haki yake imekwenda wapi. Akasema haki ni ya kitini, na hapo yuko kwenye kochi.

Vilevile alitazama Bunge la London kwenye simu yake, siku Waziri Mkuu wao anapoulizwa maswali. Alinionyesha. Watu wazima waliovaa suti walikuwa wanazomeana kama mnadani. Nilimrudishia simu yake kwa aibu.

"Wacha wapige kelele, Mwinjilisti," akaniambia. Hivyo ndivyo alivyoniita, kwa kuwa ndiyo huduma yangu kanisani. "Wakinyamaza wote ndipo uogope."

Siku moja nilimuuliza swali ambalo Wakongo wengi walikuwa wanamuuliza kisogoni. Waingereza waliitawala pwani yake kwa nguvu. Inakuwaje anazipenda desturi zao kuliko wao wenyewe? Hakukasirika.

"Hili Bunge walilifungia kabatini kwao," akasema. "Sisi walituletea mkuu wa wilaya na kiboko. Mimi nimechukua kile walichotunyima."

Upendo wake huo ulikaribia kunikosesha uraia. Nilikuwa nimejifunza maswali ya mtihani kwa uaminifu, lakini masikio yangu yalikuwa yamejaa Jumamosi za Maplewood. Mama mmoja wa uhamiaji, mwenye sura ya upole, akaniuliza nani anaongoza mhimili wa utendaji wa serikali. Nikamjibu bila kusita kwamba ni Waziri Mkuu. Aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Nikaona nimekosea, nikajaribu kusaidia kwa kumweleza kwamba akishindwa kura ataondoka na mwingine atapatikana miongoni mwa wabunge. Mama yule akavua miwani, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nafahamu niko nchi gani. Mungu ni mwema, maswali mengine niliyapata, nikaapishwa. Nilipomsimulia Spika hakucheka hata kidogo. Vikao viwili vilivyofuata alifundisha Amerika tu, kwa watu wote. Hapa Rais hatoki Bungeni, hakai Bungeni, na hawamwondoi kwa sababu tu wamechoka naye. Anachaguliwa peke yake, nao wanachaguliwa peke yao, kila mmoja na muda wake. Kule Uingereza serikali inatoka tumboni mwa Bunge na haiwezi kuishi nje yake.

"Zote mbili ni nyumba," alimaliza. "Lakini ukilala katika moja usitafute choo cha nyingine."

Sasa nifike kwenye lile ambalo mpaka leo sijalimaliza moyoni.

Spika aliishi Hopkins na mkewe, ghorofa ya pili ya nyumba za zamani za kupanga. Hopkins iko magharibi, Maplewood iko mashariki, na kati yao kuna miji yote miwili, Minneapolis na Saint Paul. Kwa gari si mbali. Lakini kisukari kilikuwa kimemharibu macho akaacha kuendesha, na watoto wao walikuwa wamehamia majimbo mengine kufuata kazi. Kila mmoja wetu alijitolea kuwachukua, na wote tulikataliwa. Alisema Spika hana upande. Kule London akishachaguliwa anajitoa chamani kwake, na hakai kula na kunywa na wabunge.

"Leo nikipanda gari lako," aliniambia, "kesho utasimama kuomba nafasi ya kusema, na mimi nitakuona kabla ya wengine. Hata nisipokuona, wao watasema nimekuona."

Kwa hiyo alikuja kwa basi, akabadilisha, akaja kwa jingine, na mchi wa kinu ukimngoja mezani. Kwa sababu hiyo hiyo hakuingia nyumbani kwa mwanachama, dukani tu, mahali pa watu wote, wala hakumkaribisha mwanachama kwake. Tulimheshimu kwa hilo. Hatukufikiria kwamba ndani ya desturi hiyo alikuwemo mtu wa pili.

Miaka ya kwanza mkewe alikuja naye. Mama mnene, mcheshi, mwenye kucheka mpaka anajishika meza. Alikaa na akina mama jikoni, na vikao vyetu vyenye hoja nzito mara nyingi vilisimama kwa sababu ya kicheko kilichotoka huko. Kisha magoti yakamshinda. Kusubiri basi kwenye baridi kukamshinda. Akabaki ndani. Mke wangu alimpigia simu mara kwa mara, akaniambia mama yule siku hizi anaongea na redio.

Salim ndiye aliyetoa hoja. Kulikuwa na ukumbi mtupu Hopkins, hatua chache kutoka mlango wa Spika. Hoja ilisema jumuiya ihame. Salim alieleza sababu nyingi, maegesho, jiko, bei, lakini kila mtu aliijua sababu ambayo hakuitaja, kwa kuwa Spika alikuwa amekaa pale anasikiliza. Mama Zawadi akapinga.

"Mheshimiwa Spika, moyo wangu unajua kwa nini tunaombwa," akasema. "Lakini watu wangu wanatoka zamu hospitalini hapa hapa, wanakuja na nguo za kazi. Ukiwapeleka Hopkins hawatakuja. Nitakuwa nimewapoteza hao ili niwapate wale."

Alisema kweli. Mimi mwenyewe ni mtu wa Maplewood. Lakini nilimfikiria yule mama na redio yake. Mwezi ule mlango wa Ndiyo ulikuwa wa maegesho. Tukatoka nje kwenye baridi ya Januari bila makoti, Salim, mimi na wenzetu, tunatetemeka kwenye mstari huku mhesabuji akituhesabu polepole kwa kuogopa kukosea. Tuliporudi ndani, wahesabuji walinong'onezana kwa muda mrefu. Kisha wakasema kura zimelingana.

Haikuwahi kutokea kwetu. Tukamgeukia Spika, kwa kuwa Spika hapigi kura isipokuwa zikilingana. Nikaona Mama Zawadi anashusha pumzi, na nikaelewa kwamba hata yeye amefarijika. Alikuwa amewatetea watu wake, sasa jambo limetoka mikononi mwake, mke wa mzee atarudi kati yetu. Salim alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Spika alisimama. Alishika ukingo wa meza.

"Kura zikilingana, Bunge halijaamua," akasema. "Mwenye kiti hatengenezi wengi mahali ambapo wengi hawapo. Bunge lisipoamua, mambo yanabaki yalivyo. Nasema Siyo. Hoja imeanguka."

Akaketi, akaita jambo linalofuata katika ajenda, lililohusu sufuria.

Salim alikuwa amefungua mdomo na hakuufunga. Baada ya kikao alinifuata kwenye maegesho.

"Mzee, huyu mtu ana roho ya chuma ama ni wazimu? Mke wake anakaa tu ndani peke yake."

Nilimwona Spika anatembea kwenda kituo cha basi, koti lake juu ya kanzu, anatafuta kwa bakora mahali pasipo na barafu.

Mwezi uliofuata alikuja. Uliofuata tena alikuja, anakohoa. Kisha hakuja, Naibu Spika akakalia kiti, na tukasikia kwamba kifua kimemlaza hospitali na amerudishwa nyumbani. Nikasema desturi za Waingereza ni zao, lakini mimi nina Bwana aliyeniamuru kuwatembelea wagonjwa. Nilinunua machungwa nikaendesha mpaka Hopkins bila kupiga simu, ili wasipate nafasi ya kunikataza.

Mkewe alifungua mlango. Kwa miaka yote ile sikuwahi kukanyaga mlango huo. Alinitazama, akaita jina langu la kanisani, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili wala hakuuachia mpaka nimekaa. Nyumba ilikuwa safi, ina joto, inanukia iliki. Spika alikuwa kitandani sebuleni, amepungua. Alinikemea kwa kuja, akaniuliza nani amekaa kitini, akauliza kama mchi unawekwa mezani. Niliwaombea wote wawili, nao wakaitika amina.

Tulipokuwa tunakunywa chai yule mama akaniuliza habari za kila mtu, mmoja mmoja, mpaka watoto. Kisha akasema, kwa kawaida tu:

"Ile hoja ya kuhamia huku, baba. Huyu aliniambia imeanguka. Walikataa wengi sana?"

"Hapana, mama," nikasema. "Zililingana. Ndipo Spika akaamua."

Neno halijamaliza kunitoka nikaona uso wa Spika. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilikuwa nimedhani mama anajua. Spika alikuwa amemwambia kweli, kwamba hoja imeanguka, na hakuongeza.

Mama aliweka kikombe chini.

"Akaamua nini?" akaniuliza mimi, lakini anamtazama yeye.

"Nilisema Siyo," Spika akajibu.

Mama hakupandisha sauti. Ningeona nafuu kama angepiga kelele. "Ulikaa pale," akasema, "mimi hukuniona?"

"Nilikuona. Watu wote walikuwa wamekwenda milangoni, nikabaki na wewe tu mbele yangu."

"Na ukasema Siyo."

"Ningesema Ndiyo, ningekuwa nimejisemea mwenyewe. Nusu ya watu wale walikuwa wamekataa, Mama Zawadi na wanaotoka zamu. Wangenitii. Lakini wasingekuwa na Spika tena, wangekuwa na mzee aliyewahamisha kwa ajili ya mkewe."

Nilimuuliza, kwa sababu sikuweza kujizuia, kama angekuwa mwanachama wa kawaida angepita mlango gani.

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, tukangoja kiishe. "Ningekuwa wa kwanza kutoka nje, Mwinjilisti. Ningekimbia bila koti."

Mimi nilitazama machungwa yangu. Nimeketi na wajane, nimeketi na watu waliopoteza watoto njiani, na bado sikujua pa kuweka macho. Hatimaye yule mama akajifuta uso kwa ncha ya leso.

"Miaka hii yote nimekaa nyumba moja na kiti," akasema. "Sawa. Nimesikia. Sasa nisikilizeni na mimi. Huko Maplewood yeye ni Spika, sijamvua. Lakini mlango huu ukishafungwa hapa ndani hakuna Spika. Kuna mgonjwa, na kuna mimi. Waambie akina mama waje Jumamosi. Na huyo Mama Zawadi aliyekataa, yeye aje wa kwanza, nimpikie."

Nilimgeukia Spika. Nilingoja desturi yake. Nilingoja anieleze Spika fulani wa zamani ambaye hakukubali wageni, au kitu ambacho wanachama wangesema. Alinitazama, akamtazama mkewe. Kisha akaondoa blanketi miguuni, akainuka polepole kwa kushika ukuta, akaingia chumbani. Tulisikia vitu vinasogezwa. Akatoka amebeba kiti kimoja cha kukunja, akakifungua, akakiweka karibu na dirisha. Akarudi kuchukua kingine. Niliinuka nimsaidie, mkewe akanishika mkono nikae.

Siku ile ilikuwa Jumanne tu, na wageni walikuwa wa Jumamosi.